Ngozi imetulia, mgonjwa bado: kisa cha mama lishe mwenye soriasisi

Mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza chapati, maharage na chai ya asubuhi karibu na stendi. Alifika kliniki ya ngozi akiwa amevaa dera la mikono mirefu, mtandio ameushusha mpaka ukafunika vidole. Ombi lake lilikuwa moja tu: achomwe sindano. "Ile inayomaliza kwa wiki moja, daktari. Mwisho wa mwezi mdogo wangu anaolewa."

Kisa hiki nimekiunda kutokana na wagonjwa kadhaa wa aina yake ili asitambulike yeyote, na alama za vipimo nilizompa ni za mfano. Maelezo ya dawa na takwimu za tafiti ni kama zilivyo. Nimemchagua yeye kwa sababu ya jambo lililotokea katikati ya tiba: ngozi ilisafika karibu yote, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ikabaki pale pale. Wengi wetu tunaotibu ngozi tunaamini kwamba huzuni ya mgonjwa ni moshi na ngozi ndiyo moto, kwamba ukizima kimoja kingine kitaisha chenyewe. Kwake haikuwa hivyo.

Alikotoka

Ilianza kichwani, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa mwisho. Soriasisi, ugonjwa wa kinga unaotoa mabaka yenye magamba kwenye ngozi, kwa wanawake wengi hutulia wakati wa ujauzito na kuamka baada ya kujifungua. Zahanati walimwambia ni mapunye, wakampa vidonge vya fangasi. Vidonge vikaisha, magamba yakabaki. Mwaka uliofuata yakatokea kwenye viwiko na magoti, mabaka mekundu yenye magamba meupe yanayong'aa. Kisha yakafika kwenye viganja, na hapo ndipo maisha yake yalipopinda.

Mpika chapati anafanya kazi mbele za watu. Mteja anaona unga ukikandwa, anaona vidole vikigeuza chapati juu ya chuma. Viganja vyake vilipoanza kupasuka na kutoa magamba, wateja hawakumtukana. "Walihama tu," alisema. "Unamsalimia mtu, anaitikia vizuri, halafu anavuka barabara kwenda kunywa chai kwa mwenzangu." Mmoja alimuuliza kwa upole kama ameshapima. Alikuwa ameshapima, na hana VVU. Kadi ya majibu aliikunja akaiweka kwenye pochi, akawa anatembea nayo ili amwonyeshe atakayeuliza. Kitabibu swali lile lina msingi, kwa kuwa soriasisi inayolipuka ghafla na kwa ukali inaweza kuwa dalili ya VVU, na ndiyo maana kliniki hupima. Lakini kulipokea swali hilo ukiwa umeshika sufuria ya chai mbele ya wateja ni jambo jingine kabisa.

Bwana afya alipopita kukagua vyeti, alimwambia asimamishe kupika mpaka alete barua ya daktari. Hakuifuata barua hiyo. Alifunga banda akajiambia atafungua akipona. Kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, alianza kutuma marejesho kwa mkono wa mwenzake ili asikae kwenye duara na watu, kisha pesa ikakata, akaacha kupokea simu. Harusi aliacha kuhudhuria, maana huku pwani mwanamke hafiki kwenye harusi ya ndugu yake na viganja vitupu. Akikataa hina ataulizwa sababu, na akikubali itabidi amkabidhi mtu viganja vyake avitazame kwa karibu.

Mama mkwe alimletea kombe, maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na kumsugua liwa mwilini. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na kombe halikumdhuru. Kilichomdhuru kilitoka kwenye kichupa cha dawa. Kwanza duka la dawa lilimuuzia krimu ya mchanganyiko, yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya tyubu moja. Ilipogoma, mhudumu wa zahanati binafsi alimchoma sindano ya deksamethasoni, nayo ni steroidi. Ngozi ikasafika ndani ya siku chache. Alicheka, akafungua banda, akanunua unga wa mkopo. Baada ya wiki kadhaa ugonjwa ulirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, akachomwa tena, ukarudi tena.

Steroidi za sindano na vidonge ndivyo zinavyomtenda mwenye soriasisi. Zikikatwa, ngozi hulipuka, na wakati mwingine hutoka vijipu vya usaha mwili mzima, hali inayoweza kuua. Zenyewe pia zina uwezo wa kuyumbisha hisia na kuvuruga usingizi. Kwa hiyo kila mzunguko ulimpa furaha ya siku chache, ukampokonya mbele ya watu wale wale, na kumwachia deni jipya la unga. Nikiangalia historia yake nzima, naona mizunguko hii ilimuumiza roho kuliko mabaka yenyewe.

Vipimo viwili visivyopatana

Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote. Kwa hesabu hiyo alikuwa na mabaka kwenye asilimia 6 hivi. Anayetazama ngozi peke yake angeandika "kiasi", akampa mafuta na tarehe ya kurudi.

Kliniki ilimpa pia maswali 10 ya DLQI, kipimo kilichotungwa Cardiff na Andrew Finlay na Gul Khan mwaka 1994. Kinauliza kuhusu wiki iliyopita: kuwashwa, aibu, nguo ulizochagua, kazi za nyumbani, ajira, marafiki, tendo la ndoa. Alama ni kuanzia 0 hadi 30, na ikizidi 10 inahesabiwa kwamba ugonjwa unabana sana maisha ya mtu. Yeye alipata 22.

Kipimo cha sonona, PHQ-9, kilitoka 19 kati ya 27, na cha wasiwasi, GAD-7, kilitoka 15 kati ya 21. Sonona ya 15 hadi 19 kwenye kipimo hicho ni ya kiwango kinachokaribia ukali, na wasiwasi wa 15 tayari umeingia kwenye ukali. Hakuna aliyekuwa amempima kabla ya hapo. Mahali pengi alipopita alisema "nina mawazo mengi", na maneno hayo yalipokelewa kama salamu.

Mazungumzo yenyewe ndiyo yaliyofungua mlango. Mhudumu alianzia kwenye usingizi, jambo ambalo mtu analijibu bila kuona haya.

"Usiku unalala, mama?"

"Nalala, daktari. Nalala saa nane, naamka saa kumi."

"Saa kumi kufanya nini, nawe siku hizi hupiki?"

"Kukung'uta shuka. Magamba. Baba watoto akiamka akute pasafi."

Mume alikuwa dereva wa lori, siku tatu yuko nyumbani, wiki yuko safarini. Alikuwa amehamia kulala kwenye mkeka sebuleni na hakusema sababu. Mke naye hakuuliza. Mtoto wa kati, wa miaka tisa, ndiye pekee aliyeendelea kumshika mkono hadharani, na mama alikuwa ameanza kumkatalia, akiogopa mtoto atachekwa shuleni.

Kisha likafika swali la tisa la PHQ-9, la kutamani kufa. Alikaa kimya, akakunja ncha ya mtandio. "Nimesema bora Mungu anichukue. Sijasema nitajichukua."

Jibu kama hili lisipokelewe kwa "pole, usiseme hivyo, mshukuru Mungu". Neno la namna hiyo linafunga mdomo. Mhudumu aliendelea taratibu: mawazo hayo yanakuja lini, yamewahi kufika kwenye mpango, nyumbani kuna sumu ya panya au dawa za shambani, nani unaweza kumpigia simu usiku. Mpango hakuwa nao. Sumu ya panya ilikuwepo, ikaafikiwa itolewe nyumbani siku ile ile. Mtu wa kumpigia alikuwa dada yake wa Muheza, akapigiwa hapo hapo kwa ridhaa yake. Kuuliza juu ya kujiua hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, na anayeogopa kuuliza anamwacha mgonjwa peke yake nalo.

Hofu ya kulijibu swali hilo ina sababu nyingine pia, sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa majirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 chenye kosa kama hilo kinakwenda kinyume cha Katiba. Mgonjwa wa Tanga hasomi vifungu. Anachojua ni kwamba mambo haya yana polisi ndani yake, kwa hiyo ananyamaza. Ilibidi aambiwe wazi kwamba kuwaza si kosa na kwamba aliyoyasema ni ya chumba kile cha matibabu, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

Uhusiano wa ngozi na moyo

Utafiti wa nchi 13 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha wagonjwa 3,635 wa kliniki za ngozi na watu 1,359 wasio na magonjwa hayo. Sonona ilikutwa kwa asilimia 10.1 ya wagonjwa na asilimia 4.3 ya wale wengine. Wasiwasi ulikuwa asilimia 17.2 dhidi ya 11.1, na mawazo ya kujiua asilimia 12.7 dhidi ya 8.3. Uingereza, mwaka 2010, kumbukumbu za wagonjwa karibu 150,000 wa soriasisi zilionyesha kuwa hatari yao ya kugunduliwa na sonona ilikuwa juu kwa asilimia 39 kuliko ya watu wengine. Takwimu hizi ni za Ulaya. Sioni sababu ya mzigo kuwa mwepesi zaidi kwa mwanamke ambaye kipato chake chote kilikuwa kwenye viganja vilivyougua.

Kuna njia mbili zinazoonekana katika kisa hiki. Ya kwanza ni ya mwilini. Soriasisi ni ugonjwa wa kinga, na kemikali za uvimbe zinazochochea ngozi, kama TNF na interleukini, haziishii kwenye ngozi. Zinazunguka kwenye damu na zina athari kwenye ubongo. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la wagonjwa 618 waliopewa ama etanesepti, dawa inayoizuia TNF, ama dawa bandia. Kwa waliopata etanesepti dalili za sonona na uchovu zilipungua zaidi, na kupungua kwa sonona hakukufuatana sana na kusafika kwa ngozi. Msongo nao unarudi upande wa pili: unachochea uvimbe, unaongeza kuwashwa, mtu anajikuna, na palipokwaruzwa panaota baka jipya.

Njia ya pili ni ya watu, na kwake naiona kuwa nzito zaidi. Alipoteza kazi, kikoba, hina na mume wa kulala naye chumba kimoja, kwa mpangilio huo, kila kimoja kikichukua kidogo cha heshima yake. Hakuna kemikali ya damu inayoeleza kwa nini mtu aache kupokea simu za wanakikoba.

Tiba, na mwezi wa nne

Sindano hakupewa, na alielezwa sababu kwa kirefu mpaka akaelewa kwamba ananyimwa kwa kuhurumiwa. Alipewa mafuta ya mgando ya kulainisha ngozi, mafuta ya asidi ya salisiliki ya kung'oa magamba, na betamethasoni ya kupaka kwa muda maalumu na kupunguza polepole. Kwa kuwa viganja ndivyo vilivyompa riziki, alianzishiwa pia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, baada ya vipimo vya damu, ini, figo, homa ya ini na VVU, na baada ya kuchunguzwa kifua kikuu. Alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango. Bila hicho dawa hii isingeanzishwa, maana inaharibu mimba.

Naomba kusimama kidogo hapa. Methotreksati ya soriasisi hunywewa mara moja kwa wiki. Anayeinywa kila siku kwa kukosea anaweza kufa, kwa hiyo neno "Ijumaa" liliandikwa kwa kalamu nene juu ya pakiti. Na septrini, antibiotiki inayouzwa madukani kwa kila kikohozi, haichanganywi nayo, kwa kuwa zikikutana zinaweza kuua uboho unaotengeneza damu. Aliambiwa yeye, na dada yake pia akaambiwa.

Kwa sonona kulikuwa na chaguo mbili za kawaida. Amitriptilini inavutia kwa mgonjwa wa ngozi, kwa sababu inatuliza kuwashwa na kuleta usingizi. Lakini ni dawa ya hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja, na huyu ni mtu aliyekuwa akimwomba Mungu amchukue. Alipewa fluoksetini miligramu 20 asubuhi, akaonywa kwamba wiki za mwanzo hataona tofauti. Dawa zilitolewa za wiki mbili mbili, na dada akawa mtunzaji.

Harusi ilipita. Hakwenda.

Mwezi wa nne wa tiba mabaka yalikuwa yamebaki chini ya asilimia 1. Viganja vililainika, na aliyeshika faili bila kumtazama usoni angeandika neno "nafuu" akaendelea na foleni. Lakini PHQ-9 ilikuwa 14 na GAD-7 ilikuwa 13. DLQI ilikuwa 12, bado juu ya 10, wakati ngozi haina karibu chochote cha kuonyesha. Alikuja na dera lile lile la mikono mirefu. Banda lilikuwa bado limefungwa. Alikuwa akijikagua kwenye kioo mara nyingi kila siku, akipapasa viwiko kutafuta mkwaruzo wa baka jipya, na akiosha mikono mpaka ikakauka. "Imelala tu," alisema juu ya ngozi yake. "Naijua. Nikiishafungua banda itaamka."

Mtu aliyedanganywa na nafuu ya sindano mara kwa mara hawezi kuiamini nafuu nyingine kwa kuwa tu daktari anafurahi. Na kadiri alivyokaa ndani, hakukuwa na kitu cha kumthibitishia kwamba mambo yamebadilika. Wateja, wanakikoba na mume walikuwa bado na picha ya mwaka uliopita, naye pia.

Mambo yaliyomtoa ndani

Fluoksetini iliongezwa mpaka miligramu 40. Mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, yalitokana na mambo matatu ambayo hayakuhitaji dawa.

Barua ilikuwa la kwanza. Karatasi moja yenye mhuri: mgonjwa ana soriasisi, ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, kwa chakula wala kwa vyombo, na akiwa hana vidonda wazi mikononi hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia kupika. Bwana afya aliisoma, akamrudishia ruhusa bila ubishi. Kwa karibu mwaka mzima banda lilifungwa kwa kukosa karatasi ambayo kliniki yoyote ingeiandika kwa dakika tano. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye azimio la mwaka 2014, lilitamka kuwa soriasisi ni ugonjwa usioambukiza. Tamko la Geneva halikuwa limefika stendi.

La pili, mume aliitwa. Alikuja na sare ya kazini, akakaa ukingoni mwa kiti. Alipoulizwa anaogopa nini, alisema aliogopa kumtonesha. Alimwona akijikuna usiku, akadhani kulala kwake karibu kunamzidishia joto na maumivu. Yeye alihamia mkekani kwa kumwonea huruma, mke akahesabu kuwa anamwona kinyaa, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Sidai kwamba kila mume ana sababu nzuri namna hii. Nimewaona wanaoondoka kweli. Lakini asiyemwita mume hatajua ni yupi kati ya hao wawili.

Mhudumu alishika viganja vya mgonjwa bila glavu mbele ya mumewe, akavigeuza, akavielezea. Kitendo hicho kilifanya kazi kuliko maelezo yote ya kwamba hauambukizi.

La tatu lilikuwa vikao na mshauri nasaha, kwa mtindo wa kutatua tatizo moja baada ya jingine. Tunao mfano wa karibu, Zimbabwe, ambako kina bibi wasio wataalamu, waliofundishwa kazi hiyo, walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya nje ya zahanati za Harare. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na sonona walikuwa asilimia 13.7, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa asilimia 49.9. Kazi hiyo haikuhitaji daktari bingwa wa akili.

Kwake ngazi zilipangwa hivi. Kwanza kuuza maandazi jioni mlangoni kwake, kwa majirani wawili anaowaamini. Kisha kuvaa mikono mifupi ndani ya ua. Kisha kwenda kikoba na kusema mwenyewe: nilikuwa naumwa ngozi, ugonjwa wangu hauambukizi, deni langu nalijua, nipangieni upya. Ngazi hii ilimchukua wiki nyingi, na mara mbili aligeuka njiani. Alipofika, mwenyekiti alimwambia walidhani amehama mji. Kujikagua kwenye kioo kulipunguzwa mpaka asubuhi na jioni tu, na siku alipoona baka jipya kwenye kiwiko alikuwa ameshakubaliana na mshauri atafanya nini: kupaka dawa, kuandika tarehe, kwenda kazini.

Baka hilo lilitokea mwezi wa saba. Alikwenda kazini.

Hali ya sasa

Mwezi wa tisa PHQ-9 ilikuwa 6, GAD-7 ilikuwa 7 na DLQI ilikuwa 5. Kwenye ngozi alikuwa na asilimia 2 hivi, yaani zaidi kidogo ya mwezi wa nne alipokuwa amejifungia ndani. Swali la tisa lilijibiwa sifuri. Banda limefunguliwa, ingawa wateja waliorudi ni nusu, na deni la kikoba bado. Mume amerudi chumbani.

Methotreksati inaendelea pamoja na vipimo vya damu na ini, na anaulizwa kila mara kuhusu maumivu ya viungo, kwa kuwa soriasisi hushambulia pia maungio. Fluoksetini haitakatwa kwa sababu tu anajisikia vizuri. Itaendelea angalau miezi 9 hadi 12 tangu dalili zilipotulia, kisha ipunguzwe taratibu. PHQ-9 inarudiwa kila anapokuja, hata siku ambayo viwiko ni safi, na namba ya simu ya dada wa Muheza imeandikwa kwenye jalada la faili.